Jino Lililopakwa Rangi

Najua hamtaniamini, kwa hiyo amueni mapema: anayetaka kubisha aishie hapa hapa, anayebaki asinikatize. Shangazi yenu, dada yangu huyu mnayemwona mpole, aliwahi kumng'oa bibi wa watu jino kwa brashi.

Alikuwa akisafisha picha kwa mpiga picha mmoja mwenye chumba cha giza nyuma ya duka. Vumbi likikaa kwenye filamu, picha hutoka na vidoa vyeupe. Kazi ya shangazi ilikuwa kuviziba kimoja kimoja kwa rangi nyeusi na brashi nyembamba kama kope. Kila mara aliilamba ncha ichongoke, mpaka ulimi ukawa mweusi kama masizi. Akikutolea ulimi kwa hasira, mnaishia kucheka wote wawili.

Asubuhi hiyo alipewa picha kubwa ya bibi anacheka, mdomo wazi. Akaziba doa la shavuni, akaziba la kitambaani, akaziba mawili matatu ya mdomoni. Katikati ya mdomo akaona jingine, jeupe pe! Akaliziba nalo, tena kwa mbwembwe, kisha akaegemea kiti kujipongeza.

Mara bibi mwenyewe huyo, anacheka tangu mlangoni. Shangazi akaona lile doa linatembea.

"Picha tayari, mjukuu wangu? Kesho daktari ananing'oa hili jino langu la mwisho. Nataka vitukuu wajue bibi yao alikuwa na meno."

Karatasi ya picha ya ukubwa ule ilikuwa imekwisha dukani. Picha ni hiyo hiyo. Shangazi akaitumbukiza kwenye beseni la maji.

"Mbona unaniogesha?"

"Nakutoa vumbi, bibi."

"Vumbi gani, na nimeoga!"

Rangi ikaachia, jino likarudi, lakini vidoa vyote navyo vikarudi. Mdomoni sasa kulikuwa na vyeupe kadhaa, na shangazi hakujua kipi jino, kipi vumbi.

"Bibi, hebu cheka tena."

"Nacheka nini?"

"Chochote!"

Shangazi akamtolea ulimi. Bibi kuuona, akaangua kicheko, mdomo wote wazi. Shangazi akachungulia, akarudi kwenye picha, akaziba, bibi kamkalia shingoni: "Hapo pita mbali, mwanangu! Mbali!"

Ilipokamilika, jino lilimeremeta kuliko taa ya dukani, bibi akalibusu, na pembeni yake, haki ya nani, likachipuka la pili, likafuatwa na la ta—

"Wewe kaka!" Shangazi yenu huyu hapa nyuma yangu, anasoma ninachowaandikia. "Futa hapo. Lilikuwa moja, tena limepinda!"