Mbegu Nne Kati ya Ishirini

Wazazi mliokuja kliniki leo na watoto wenye selimundu, mimi naitwa Riziki. Mnavyoniona hivi nimevuka miaka arobaini nikiwa na ugonjwa huohuo.

Kabla ya vita tuliishi ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Baba alivua dagaa, mama aliwaanika, mimi nilifukuza kunguru. Viungo viliniuma mara mojamoja, mama akanikanda kwa maji ya moto, yakapita. Tulipokimbia tulivuka hadi Kigoma, tukapelekwa kambini, mbali na ziwa. Huko mwili ulinigeuka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Maumivu yalianzia mapajani, yakapanda mgongoni na kifuani. Macho yakawa ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Hospitali ya kunisaidia ilikuwa mjini, na kutoka kambini bila kibali ilikuwa marufuku. Siku tatu nililala chini ya turubai nikisubiri karatasi. Ndani ya mwili sitoki, ndani ya kambi sitoki. Nilimchukia hata mama aliyekuwa ananipepea.

Kibali kilipokuja nikaongezewa chupa mbili za damu, nikapata nafuu, nikarudishwa kambini.

Wakati huo Elia, kijana wa palepale kambini, alitaka kunioa. Kwetu, kabla ya posa, shangazi wa kijana huchunguza ukoo wa binti. Shangazi yake akahesabu wagonjwa wetu: mimi, na kaka yangu aliyekwisha kufa.

"Kwetu hakuna ata mgonjwa moya," akasema. "Hatuwezi kuingiza hii kitu kwa ukoo."

Daktari wa kambi, mtu wa Iringa aliyeletwa kikazi, alipoisikia habari hiyo alimwita shangazi huyo.

"Mama, umehesabu wagonjwa. Hesabu mbegu."

Akamwaga maharage mezani. Kila mtu, alieleza, amebeba mbegu mbili za damu, moja ya baba na moja ya mama. Mbovu ikiwa moja, unaishi mzima, tena malaria haikuangushi kirahisi. Ndiyo maana kando ya ziwa, penye mbu, mbegu hiyo imejaa, na kwenye baridi ya milima ya Kalinzi ni chache. Zikikutana mbili mbovu, ndipo anazaliwa Riziki.

Shangazi, kwa ubishi, akaleta ndugu zake wapimwe ili atuaibishe. Walikuwa kumi pamoja naye, wote wazima. Wanne wakakutwa na mbegu mbovu moja moja.

"Watu kumi, mbegu ishirini," daktari akasema, akitenga maharage manne. "Moja katika kila tano, na hakuna aliyeumwa!"

Mmoja wa wale wanne alikuwa shangazi. Mwingine Elia.

Shangazi alirudi peke yake, kichwa chini. "Riziki mwanangu, tumekubali. Kuja kwetu."

Neno hilo nililisubiri mwaka mzima. Lakini hesabu nilishaijua: mimi mbovu mbili, Elia moja. Kila mimba yetu, nusu kwa nusu, ingekuwa mtoto wa mateso yangu. Nikasema hapana. Nililia sana, na nikasema hapana. Kambini huna pa kumkwepa mtu. Kwa miaka sita nilimwona Elia kwenye foleni ya maji karibu kila siku.

Namshukuru Mungu, na wote walionipa damu bila kunijua. Watoto wanywesheni maji mengi, wasipigwe na baridi, na homa ikianza msingoje kesho. Vijana wenu wazima nao wapimeni mapema. Mimi nilijua nikiwa nimeshapenda.