Waya Uliopita Dirishani

Kule mtaani Tena, ukiuliza nyumba ya Mukhwana, ungejibiwa, "Yule wa mashine?" Basi ndiye huyo. Mchana alikuwa mtu wa kiwanda cha mabeseni. Jioni alikuwa mtu wa kinasa sauti cha njia nne, kilichokaa mezani kando ya kitanda. Kaseti zake zilikuwa za kawaida, hizi hizi za dukani, ila mashine iliugawa mkanda mara nne: gitaa njia yake, ngoma njia yake, mwimbaji njia yake, na moja ya ziada. Pembeni palikuwa na sampla, kisanduku kinachonasa kipande kidogo cha sauti na kukirudia kila ukibonyeza. Ngoma za Mukhwana zote zilitoka humo, na zote zilikuwa mlio wa beseni likianguka sakafuni. Watu wa kwaya walimcheka, kisha wakaja kurekodi.

Mwaka wa tisini na sita mkewe, Nerima, aliugua kidogo tu, akafariki. Walimzika Bungoma, kwa kina Mukhwana. Mukhwana hakulia. Watu walimtazama wakingoja, wakachoka kungoja. Akarudi kazini. Aliyempa pole alijibiwa "asante," kama amesalimiwa tu. Alipika sukuma, akala, na hakujua kama alitia chumvi. Mashine aliifunika kwa leso asiiguse tena.

Sasa, Marion, mdogo wake Nerima, alipokuja kufungasha nguo za marehemu, aliikuta mashineni kaseti yenye jina la dada yake. Akampelekea mama yao. Jumamosi moja wakarudi nayo wote wawili. Marion aliingia ndani. Mama hakuingia, aliketi kwenye baraza ya jirani, Lela, akiupa mlango wa Mukhwana mgongo. Kwao mama mkwe hakanyagi chumba cha mkwewe, wala hakai naye uso kwa uso.

"Shem," Marion alisema, "hii kaseti uliifanya nini? Tuliiweka kwa redio mbele ya watu. Upande wa kwanza, gitaa linaburuta miguu. Tukageuza. Wee! Sauti nzito kama mzee mlevi, na maneno si ya kabila lolote. Mzee Naftaly alitoka mbio akaacha kofia. Mama anasema huyo si Nerima, kuna kitu kimeingia kwa mkanda. Amekuja kuichoma hapa hapa kwako."

Mukhwana alisikia neno kuchoma kama linasemwa nyumba ya tatu.

"Mashine yangu inaukimbiza mkanda," alisema polepole. "Redio inatembea tu. Halafu njia zote nne ziko upande mmoja, hakuna kugeuza. Ukigeuza, anaimba kinyumenyume."

"Si umwambie yeye."

"Aje asikie."

"Kwa chumba cha mkwe? Na kitanda hicho hapo? Shem, wewe nawe!"

Nakala ya pili haikuwepo. Kaseti nyingine zote za Nerima, Mukhwana alikuwa amerekodi kwaya juu yake. Wakati ule Nerima si alikuwapo? Angeimba tena siku yoyote.

Ni Lela aliyechungulia dirishani. "Jirani, harusi ya Rufaida wangu si ulitutolea spika mpaka njiani? Leo imekushinda baraza?"

Mukhwana akakata waya wa pasi, akauunganisha na wa spika, akaupitisha dirishani. Mikono ilijua kazi yake yenyewe. Spika ikawekwa miguuni pa mama mkwe. Yeye akarudi ndani, akaondoa leso, akawasha.

Gitaa lilianza, mabeseni yakafuata, halafu Nerima. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, wa kumngoja mume atoke kiwandani: *Chai imepoa, naipasha tena.* Kisha kichwa cha Lela kikatokea.

"Anasema hilo gitaa linampigia mtoto wake kelele."

Mukhwana akalishusha. Siku zote alikuwa akilipandisha.

"Na hayo masufuria."

"Ni mabeseni."

"Mimi natumwa tu, jirani. Yatoe."

Akayatoa, na sauti yake mwenyewe ya kuitikia akaishusha hadi chini. Akabaki Nerima peke yake, na nyuma yake mlango wa mtu ukifungwa mahali. Wimbo ulipoisha, pale ambapo gitaa lilikuwa likiendelea kila siku, Nerima alisema, "Umezima? Haya, njoo ule."

Mukhwana hakuwahi kuyasikia maneno hayo kwenye mkanda. Alikaa, akangoja kitu kije kifuani. Hakikuja.

"Mama anasema ndiye," Lela alisema, safari hii kwa sauti ya chini. Akageuka, akasikiliza, akarudi. "Tena anauliza, mbona mlimwimbisha na mafua?"

"Mwambie hayakuwa mafua. Alikuwa ametoka kukata vitunguu."

Neno lilipelekwa. Kutoka barazani ikaja sauti fupi. Inaweza kuwa kicheko, inaweza kuwa kilio. Kutoka ndani huwezi kujua.

Kiberiti hakikuwashwa. Marion alitumwa dukani kwa Twalib kununua kaseti tupu, Nerima ahamishiwe kwenye mkanda wa mwendo wa kawaida, ambao redio ya mama kule Bungoma ingeuweza. Wakimngoja, Lela akagonga fremu ya dirisha.

"Anasema rudia."

Mukhwana akarudia.

"Rudia tena. Halafu anauliza, mkwe wake amekula?"

Mukhwana alifikiri kwa bidii, kama mtu anayepapasa mifuko kutafuta ufunguo. Aliitazama sufuria iliyokuwa kwenye jiko. Ilikuwa imefunikwa.

"Mwambie sikumbuki," alisema, akaurudisha mkanda mwanzo.