Kitambaa cha Mjukuu wa Mgomba

Siku ya kwanza kazini nilimwamkia Bibi, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba. Wewe ni wa kwa nani?" Bosi wangu, yaani Mama, akasema, "Mtajie jina muendelee. Hapa hakuna kununa."

Kemi mdogo wangu, nakuachia kazi hii niliyoifanya hapa Rugu nikisubiri matokeo ya kidato cha nne: kumwangalia Bibi. Ni kazi ya kibanjani zaidi, humu kwenye shamba letu la migomba. Bibi hukata majani makavu ya migomba kwa mundu na kuyatandaza chini. Kila shina huliachia migomba mitatu tu: mama, mtoto na mjukuu, lile chipukizi dogo.

Kuhusu usahaulifu wa Bibi, Mganga Mfawidhi, mkuu wa zahanati, alitueleza hivi: "Ubongo nao una watu wa usafi. Ni seli za kinga, mikroglia. Hula uchafu, na protini zinazogandamana na kuua seli za kumbukumbu. Hutulinda miaka mingi. Zikichoka, au zikikasirika kupita kiasi, huanza kukata hata vilivyo vizima."

Nilikuwa naona aibu, lakini nikauliza, "Zinatibika?"

"Wanasayansi wanahangaika nazo. Mimi dawa ya kumrudisha sina. Atembee, alale vizuri, aongeleshwe."

Halafu asubuhi moja Bibi akakata wajukuu wa mstari mzima wa migomba. Mama akamnyang'anya mundu. "Atatumalizia chakula!"

Bibi akawa wa kukaa tu barazani. Akaacha kuongea, kisha akaanza kukataa kula. Hapo nikamwambia Mama, "Nipe mundu wake. Nitasimama naye."

"Wewe? Hata kuku humfukuzi akasikia!"

"Bibi simfukuzi, Mama. Namsindikiza."

Mama akacheka, akanipa. Nikachana kitenge kikuukuu, nikamfunga kila mjukuu kitambaa. Bibi akikiona husimama na kuuliza, nami humjibu, "Huyu anabaki." Akaanza kula tena. Jina langu halikumrudia.

Jana nilistaafu, kesho naenda kidato cha tano. Sijui kama nimelinda ubongo wa mtu. Kibanja kipo, na Bibi anaongea. Jana hiyo aligusa kitambaa kimoja.

"Huyu nani?"

"Mjukuu, Bibi."

"Na wewe?"

"Mjukuu pia."

Akanitazama, akashusha mundu. "Basi na wewe baki."

Kemi, vitambaa vikichakaa, funga vingine.