Injini Ilipozima, Alimfikiria Nani

Kaka yangu amesoma karibu vitabu vyote vilivyoandikwa na marubani, na vingi ameniazima kwa lazima. Nilipomaliza cha tatu nilimwambia nimevimaliza vyote: mtoto anatazama angani, mtoto anakuwa rubani, siku moja injini inazima, rubani anastaafu, anaanza kufuga kitu. Alininunia wiki nzima. Ndipo nikajua naye anaandika chake.

Alikuwa amestaafu, akajenga Kibomet, nje kidogo ya mji wa Kitale, akanunua ng'ombe wa maziwa. Kila baada ya kukamua aliketi na kompyuta mpaka chai ipoe. Mwishowe akaniita Kitale nisome alichoandika, kwa sababu nilifundisha Kiingereza maisha yangu yote na sina huruma. Katika sura ya kwanza nikamkuta kijana mdogo wa Bungoma amesimama shambani, macho juu, akiota mawingu. Nilicheka mpaka ng'ombe wakageuka kunitazama. Kijana huyo nilimjua vizuri. Macho yalikuwa juu kwa sababu Mama alimpa kazi ya kulinda vifaranga, na mwewe alikuwa ameshabeba wawili. Nikamwambia aandike hivyo. Akasema wasomaji hawataki habari za mwewe.

Lakini shida yenyewe ilikuwa sura ya tisa. Humo injini moja inazima juu ya bahari, nchi kavu iko mbali, na ndege imejaa watu. Jambo hilo Mama hakuwahi kuambiwa. Tangu kaka yangu aanze kazi tulimwapia kwamba ndege za siku hizi haziharibiki, na ukishaanza uongo wa namna hiyo huwezi kushuka njiani. Tena kwetu hakuna neno la nyumba linalotoka nje kabla Mama hajalisikia, iwe posa, iwe kesi ya shamba, iwe tangazo la kanisani. Kitabu kilihitaji baraka zake. Kaka yangu alizitaka kuliko alivyokitaka kitabu chenyewe. Alisema wazi kwamba Mama akikataa, karatasi zile zitawasha jiko.

Tukateremka Bungoma Jumamosi. Tulipokaribia nyumbani alisimamisha gari kando ya mahindi ya watu, akaniomba kitu. Nikifika sura ya tisa niongeze sentensi moja tu: kwamba injini ilipozima, alimfikiria mama yake. Nikamuuliza kama hakumfikiria. Akasema alikuwa akifuata orodha ya dharura, neno kwa neno, msaidizi wake akiitikia, na katika orodha hiyo hakuna mahali pa mama. Ila Mama atauliza, akasema, mama yeyote atauliza. Mtu aliyebeba mamia ya watu juu ya bahari alikuwa anatoka jasho la kumwogopa kikongwe mmoja. Nilimhurumia, nikakubali.

Nilisoma nikitafsiri kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, Mama kwenye kiti chake, rubani pembeni akipuliza chai iliyokwisha kupoa. Sura ya kwanza ilipokwisha Mama aliuliza mwewe ameenda wapi. Nilimtazama kaka yangu. Yeye alitazama chai.

Sura ya tisa ilikuja pamoja na kuku. Nilisoma injini ikizima. Mama aliweka kijiko chini, akatuangalia mmoja mmoja, na katika macho hayo miaka yetu yote ya kumdanganya ikapita. Nikaharakisha kusoma ile sentensi ya kando ya mahindi.

Mama akauliza kama ni kweli mwanawe alimfikiria. Nikasema ndiyo, Mama, sana.

"Injini imekufa, watoto wa wenyewe wako ndani, na huyu ananifikiria mimi," Mama akasema. "Sasa hiyo ndege iriendeshwa na nani?"

Kwetu firigisi ni ya mwanamume wa nyumba, na mwanamke haiulizii. Mama aliitoa bakulini, akaipitisha mbele ya pua ya rubani, akaiweka kwenye sahani yangu. Sijawahi kupewa heshima iliyonitisha namna hiyo. Akatukumbusha kwamba Baba alipokufa yeye ndiye aliyelima na ng'ombe, na ukishika jembe huku moyo uko kwa mtu mwingine, mtaro unapinda. Mtaro wa huyu ulikuwa na watu ndani. Kitabu hakitachapishwa, akasema, mpaka awaombe msamaha wale abiria.

Kaka yangu akaweka kikombe chini.

"Mama, si kweli. Sikukufikiria. Hata kidogo."

Nilingojea paa lianguke.

"Urikuwa unafanya nini?" Mama akauliza.

"Kazi."

Mama akamtazama, kisha akacheka mpaka akashika meza. Akaichukua firigisi kutoka sahani yangu, wakati mimi bado natafuta ujasiri wa kuionja, akampa mwenyewe, rubani wake. Akasema kumbe alizaa mtu. Halafu akauliza, taratibu sasa, ndege ilipotua ilikuwaje.

Hiyo haikuwa kitabuni. Kaka yangu alisema alifika hotelini akashindwa kufungua kamba za viatu, vidole vilikataa. Akampigia Mama simu. Mama akakumbuka simu hiyo: mtoto amepiga, anasalimiwa, ananyamaza. Alidhani amekunywa. Basi akamsimulia habari za fuko aliyekuwa akimaliza viazi vitamu, mtego wa jirani usionasa, na shimo jipya karibu na choo.

"Nirikuwa naongea tu mambo ya fuko," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama. Niliweka simu sikioni mpaka vidole vikarudi."

Mama hakucheka tena. Alifuta mikono kwenye leso, muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Andika hiyo, baba," akasema. "Hiyo ndiyo kitabu."

Nilimpa kaka yangu kalamu, akashindwa kuishika. Basi niliandika mimi, Mama akiyarudia yote ya fuko tangu mwanzo, viazi, mtego, shimo la karibu na choo, na mwanawe ameinama mbele yake akisikiliza.