Moshi wa Kusukuma Vumbi

Mjomba wangu ni fundi seremala, na jina lake la karakana ni Msasa. Mafundi waliomfunza kazi walimwachia kanuni moja: ukimaliza kupiga msasa, washa sigara, moshi usukume vumbi la mbao litoke kifuani. Miaka thelathini amelisukuma hivyo, pakiti nzima kwa siku. Nikimwambia anajidanganya, hunijibu, "Wewe umesoma vitabu, mimi nimesoma mbao." Mbishi yule, hana mfano.

Mwaka huu akashikwa na nimonia isiyosikia dawa. Picha ya kifua ikaonyesha doa, na daktari akataka kuhakikisha kwamba si saratani. Walimpitishia mrija mwembamba hadi kwenye mapafu, wakaosha sehemu yenye doa kwa maji, kisha wakayavuta maji yale wakayapime. Mjomba aliniapisha nisimwambie mkewe. Wiki mbili nilikaa na siri hiyo.

Siku ya majibu aliingia nami chumbani kwa daktari ameshika kofia kwa mikono miwili, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Mzee, si saratani," daktari alisema kabla hatujakaa vizuri.

Nililia kwa sauti, na wala sikuona haya.

Daktari akatugeuzia kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na viduara vilivyojaa madoa ya kahawia. "Hizi ni seli za kinga za mapafu yako. Kazi yake ni kumeza vumbi na vijidudu. Zako ni nyingi, lakini zimejaa masizi ya sigara, kwa hiyo vijidudu zinavitazama tu. Ndiyo maana nimonia imekung'ang'ania."

Mjomba akasogea karibu na kioo. "Kwa hiyo vumbi lilikuwa na wa kuliondoa?"

"Lilikuwa nao, mzee. Wewe ndiye uliyewalemea kwa moshi."

"Na mimi nimewafunza mafundi saba ujinga huu," alisema, macho chini. "Zitapona?"

"Ukiacha sigara, hizi zitapungua taratibu, zije nyingine safi. Hata doa limeanza kufifia."

Tulipofika kwenye korido alimpigia mkewe simu, akaweka spika ili nimsaidie maneno yakimkwama.

"Mama watoto, usishtuke. Niko hospitali, lakini mimi mzima."

"Najua uko hospitali. Kadi ya miadi uliisahau kwenye mfuko wa shati, na anayefua ni mimi. Wamesemaje?"

"Si saratani."

Tukasikia kilio, na hakikutoka kwenye simu peke yake. Kilipitia dirishani pia. Mkewe alikuwa ametufuata nyuma asubuhi, akakaa kwenye benchi la getini akisubiri aambiwe.

Mjomba alinitupia simu, akatoka mbio huku akikohoa, mtu aliyekatazwa hata kupanda ngazi.