Mchi wa Mama Gonga

Watu wa mtaa wa Mirongo walimwita Odeta jina la Mama Gonga, naye aliitika bila kinyongo. Kazi yake kwenye mashine ya kusaga ya Nkwabi ilikuwa moja tu: kusimama kando ya lile sanduku la bati linalomiminiwa vitu vya kusagwa, na kuligonga kwa kipande cha mchi kila udaga, ule muhogo mkavu uliopondwa, ulipokwama. Na udaga wa muhogo ulivyo mkorofi, jamani! Ukipata unyevu kidogo unashikana juu ya tundu, mashine inabaki inasaga hewa.

Mwaka 1994, biashara ya nje ilipofunguliwa na kila mtu akaagiza chake, Nkwabi akaleta mashine mpya ya umeme. Fundi alifunga kimota ubavuni mwa sanduku, kikawa kinalitikisa kutwa nzima.

"Mama, sasa kapumzike," Nkwabi alisema, macho kayaelekeza pembeni. "Hii inajigonga yenyewe."

Odeta akachukua mchi wake, akaenda zake. Alilia, kwa nini nifiche? Miaka kumi na moja! Na hakulilia ujira peke yake. Aliipenda ile kazi.

Siku ya tatu wakaja akina mama wa Nansio na udaga ulionyeshewa njiani. Nkwabi akajaza sanduku, kilango cha tundu la chini kimefungwa, kimota kinatikisa. Alipofungua, hakikudondoka kitu. Akaongeza mtikiso. Wapi! Ukazidi kuwa mgumu.

"Mama Gonga mmempeleka wapi?" wateja wakafoka.

Nkwabi alimkuta Odeta nyumbani akichambua dagaa. "Shikamoo, mama. Nimekwama."

"Marahaba. Ngoja ninawe."

Alipofika alizima kimota, akachokonoa tundu kwa kijiti, kisha akaligonga sanduku upande wa chini, kilango kikiwa wazi. Ta, ta. Akatega sikio. Ta. Udaga ukaanza kushuka, kidogo kidogo, halafu mfululizo.

"Ukitikisa huku umefunga, unashindilia," alisema. "Kwani wewe ukinunua mahindi ya watu, debe hulitikisi ili yaingie mengi? Umejipunja mwenyewe leo!"

Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Nkwabi naye akacheka, aibu imemjaa.

Jioni Odeta alifunga mchi wake kwenye khanga, hajui aage vipi. "Haya, baba," alisema. "Kesho je?"

Nkwabi akamwekea funguo za mashine kiganjani. "Kesho utafungua wewe, mama. Mimi nitakukuta."