Majaribio Mia Nne ya Kijani

Pale ofisini kwetu Duluth walimwita Marlys Haugen "mkwamishaji". Nikilikumbuka jina hilo, damu inanichemka. Kazi yake ilikuwa kukagua majaribio, yaani vijiprogramu tunavyoandika ili kompyuta ipime yenyewe kama kazi yetu iko sawa. Jaribio likifaulu linawaka kijani, na sisi tulikipenda kijani kupita kiasi.

Tulikuwa tunatengeneza programu ya pampu ya dawa za watoto wachanga. Unaipa uzito wa mtoto, inakupa kipimo. Ilikuwa itoke Ijumaa.

Jumatano asubuhi bosi wetu, Kurt Lindahl, alikuja na boksi la donati, kama kawaida yake akiwa na shida.

"Marlys, mama, mia nne yote kijani. Pitisha basi, tule."

"Njoo uone hicho kijani chako."

Marlys akaufuta mstari wa programu unaozidisha dawa kwa uzito, akaweka sifuri. Akaendesha majaribio. Yote kijani.

Kurt akacheka. "Si umeiharibu makusudi!"

"Ndiyo, nami nataka yapige kelele! Mlinzi gani huyu, mwizi anang'oa mlango, yeye anampungia mkono? Yanaangalia kama programu haijazimika tu. Hakuna hata moja linalouliza jibu ni ngapi!"

Majaribio hayo niliyaandika mimi. Niliyanakili moja baada ya jingine ili idadi ipande, nikapongezwa kwenye kikao.

Marlys akaurudisha ule mstari, kisha akaandika jaribio lake moja: mtoto wa kilo mbili, jibu kalipigia hesabu kwa kalamu kutoka jedwali la wauguzi. Likawaka jekundu. Programu yetu ilikuwa inampa mtoto huyo dawa mara kumi ya kipimo chake.

Kurt akajifuta sukari mdomoni. "Sawa, hilo jaribio lizimeni kwanza, programu itoke Ijumaa. Tutaliangalia Jumatatu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanigeukia mimi. "Darrell, lizime."

Kwetu kila badiliko hubaki na jina la aliyelifanya, milele. Kurt alilijua hilo kuliko sisi sote. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia na mimi mwenyewe. Nikainuka, nikamsogezea kiti.

"Kaa wewe, bosi. Ingia kwa jina lako, ulizime."

Alikitazama kile kiti, akatutazama sisi, hakukaa. Alirudi chumbani kwake akapiga simu kuahirisha Ijumaa. Mtu yule alikuwa radhi mtoto afe kwa jina langu, lakini si kwa lake.